Kahawa Tulitoa, Sasa Tupeni Orodha

Ndugu msomaji, usikimbie. Najua umefungua kurasa hizi kutafuta hadithi au shairi, halafu unakutana na mtu anayetaka kuongea habari za makumbusho na programu za kompyuta. Utasema kijana huyu kapotea njia, makala yake angepeleka kwa mafundi wa kompyuta huko Dar es Salaam. Wapi bwana! Nimeileta hapahapa kwa makusudi. Fundi wa kompyuta hakosi usingizi kwa ajili ya neno moja la Kihaya. Wanaokosa usingizi kwa ajili ya maneno ni sisi tunaojiita waandishi, hata wale ambao bado hatujachapwa popote.

Hoja yangu naitoa mapema ili anayetaka kubisha aanze kujiandaa. Vitu vya Buhaya vilivyoko Ulaya vina orodha. Orodha hiyo iliandikwa na waliovichukua, kwa lugha yao, na leo imekaa ndani ya programu zao. Tunapodai vitu, na tuna haki ya kudai, tudai na orodha yenyewe. Tupewe faili zima, linalofunguka hata kwenye kompyuta ya steshenari ya pale stendi ya Bukoba, na lenye nafasi ya sisi kuandika. Na makumbusho yetu wenyewe, makubwa kwa madogo, yasipokee programu yoyote ambayo orodha ikiingia haitoki.

Sisi watu wa Kagera habari ya kutoa bidhaa nje hatuhitaji kufundishwa semina. Tumezaliwa ndani ya kahawa. Bibi anaanika, babu anapeleka chama cha msingi, gunia linapimwa, linapanda lori, linakwenda. Kinachorudi ni bei, na bei hatuipangi sisi. (TANICA ipo hapa mjini na ni fahari yetu, lakini kahawa nyingi huondoka ikiwa mbichi.) Sasa programu za makumbusho nazo zina kitufe cha kutoa nje. Unakibofya, orodha yote inatoka kama faili, unaiweka kwenye flashi, unaondoka nayo. Tena ni tofauti na kahawa: ukiitoa orodha nje, ndani haipungui hata punje moja. Ndiyo maana nikisikia jambo hili ni gumu, linahitaji tume, linahitaji mkataba wa miaka mitano, nacheka peke yangu.

Turudi nyuma kidogo tuone vitu vilivyoondokaje. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani hapa Bukoba mwezi Novemba 1890, akiwa pamoja na Franz Stuhlmann. Mwaka uliotangulia, 1889, huko Berlin lilikuwa limepitishwa azimio kwamba vitu vinavyokusanywa na safari zilizolipiwa na serikali ya Ujerumani vipelekwe kwanza kwenye makumbusho ya Berlin. Vikionekana kufanana na vilivyopo, ndipo vigawiwe makumbusho mengine. Kwa hiyo usidanganyike na picha ya mzungu mpole aliyepewa zawadi ya ngoma akaondoka nayo. Zawadi zilikuwepo, ununuzi ulikuwepo, na kupora kulikuwepo, lakini juu ya yote ulikuwepo utaratibu wa ofisi. Mwaka 1910 Hermann Rehse alitoa kitabu kizima kuhusu Kiziba, kwa Kijerumani, na dibaji akaandika Felix von Luschan, mtu wa makumbusho hayohayo ya Berlin. Leo makumbusho hayo yana zaidi ya vitu 10,000 vilivyotoka katika nchi inayoitwa Tanzania. Hapo sijahesabu vile vilivyogawiwa miji mingine.

Hebu jaribu mwenyewe. Chukua simu, ingia kwenye orodha za makumbusho ya Ujerumani, andika Muleba. Muleba ni jina la wilaya iliyokatwa kutoka Bukoba baada ya Uhuru. Mjerumani alikuwa anaandika Ihangiro. Andika Kiziba. Yeye aliandika Kisiba, na mara nyingine Wahaya wote akawaita Wassiba, Mhaya wa Ihangiro humohumo, Mhaya wa Kianja humohumo, kana kwamba wote ni wa nyumba moja. Andika Bukoba, utapata kitu. Lakini Bukoba hiyo ilikuwa boma la jeshi. Kitu kilichopitia bomani kinaweza kuandikwa Bukoba hata kama kilichongwa Nshamba, kama vile ndizi zote za Kagera zikifika Dar zinavyoitwa ndizi Bukoba.

Halafu lugha. Ukiandika ngoma, hupati, andika Trommel. Orubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo wazee wetu walivaa na kuzikwa nayo, andika Rindenstoff. Kikapu ni Korb. Basi, Korb. Kikapu cha unga ni Korb, cha harusi ni Korb, na kile kidogo cha kahawa ya kutafuna nacho ni Korb. Wewe unajua, au bibi yako anajua, kwamba kahawa ile ndiyo waliyogawana watu wawili waliokula omukago, kila mmoja akitafuna buni yenye damu ya mwenzake, na kuanzia siku hiyo wakawa ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja. Riwaya nzima iko ndani ya kikapu hicho. Kwenye orodha ni neno moja lenye herufi nne, urefu kwa sentimita, na namba.

Watu wa makumbusho wakiulizwa hujibu kwa upole sana: orodha iko wazi kwenye intaneti, kila mtu duniani anaiona. Ni kweli, na ni afadhali kuliko zamani ilipokuwa kwenye makabati ya kadi. Lakini kuona ni jambo moja na kupewa ni jingine. Ni kama duka lililofungwa huku taa ya dirishani inawaka: unaona sukari, unaona sabuni, mlango una kufuli. Unasoma kitu kimoja kimoja kwenye skrini, bando linakwisha, na ukiona jina limekosewa huna pa kulisahihisha. Kama unabahatika kuna kisanduku cha kutuma maoni. Maoni! Mtu anakueleza jina la ngoma ya babu yako, halafu wewe unatoa maoni.

Tena haishindikani. Metropolitan Museum ya New York, Februari 2017, iliruhusu picha zaidi ya 375,000 zitumiwe bure na mtu yeyote, na orodha yake imewekwa hadharani kama faili moja la CSV lenye vitu zaidi ya 470,000. Ukitaka unaliteremsha lote usiku, bando la usiku ni rahisi. Kama makumbusho ya Marekani yanaweza kutoa laki nne na sabini kwa mkupuo, nani ataniambia kutoa mistari michache ya Ihangiro ni kazi nzito?

Nieleze hiyo CSV kwa wale wenzangu waliosoma sayansi kimu. Ni maandishi matupu. Kitu kimoja, mstari mmoja. Ndani ya mstari, namba ya kitu, jina, mahali, mwaka, aliyekichukua, kila kimoja kimetenganishwa na mwenzake kwa alama ya mkato. Hakuna rangi, hakuna mapambo, hakuna leseni. Linafunguka kwenye Excel, linafunguka kwenye programu za bure, linafunguka hata kwenye kile kidaftari cha kuandikia kilichomo ndani ya simu. Disketi za miaka ya tisini leo hakuna pa kuzichomeka, na mafaili ya programu zilizokufa hakuna wa kuyafungua. Maandishi matupu ya miaka hiyohiyo bado yanasomeka. Kwa ubovu wa umeme wetu na umri wa kompyuta zetu, hakuna kitu kingine cha kutegemea.

Ina vituko vyake, sikatai. Makumbusho mengi hukipa kitu namba yenye mwaka na nukta, tuseme 1934.10, yaani kitu cha kumi cha mwaka 1934. Ukifungua faili kwa Excel bila kuiambia kwamba hayo ni maandishi, inadhani ni hesabu, inafuta sifuri ya mwisho, kitu cha kumi kinakuwa cha kwanza. Ukihifadhi hapo umekwisha. British Museum nayo namba zake zina mkato katikati, kwa hiyo usipozifunga kwa alama za kunukuu, namba moja inakatika kuwa mbili na kila kitu kinasogea safu moja pembeni, mahali panakuwa mwaka, mwaka unakuwa mtu. Nayataja haya ili ujue kwamba kazi hii inataka mtu makini na maandishi, mtu anayeona mkato uliokaa vibaya. Nani huyo kama si sisi? Tumetukanwa na wahariri kwa ajili ya mikato tangu tuanze kutuma hadithi.

Makumbusho makubwa hutumia programu za kununua. Berlin wanatumia MuseumPlus, ya kampuni ya Uswisi. Marekani wengi wana TMS. Ni programu nzuri kwa mwenye fedha. Kuna pia CollectiveAccess, ambayo ni bure, msimbo wake uko wazi, na inatoa orodha nje bila kubembelezwa, ila inataka mtu wa kuisimika na kuitunza. Wakitaka kubadilishana habari kwa ukamilifu zaidi wana muundo unaoitwa LIDO, uliotolewa mwaka 2010. Simlaumu mtu kwa programu anayotumia. Namlaumu anayesema programu yake ndiyo inayomkataza kutoa.

Na hapa nigeuke nyumbani, maana wengine mlikwisha anza kushangilia kwamba leo wazungu wamepatikana.

Kuna taasisi moja mkoani kwetu, sitaitaja. Ilipata wafadhili, ikapewa kompyuta mbili na programu ya kutunzia kumbukumbu za vitu vya kale. Kukawa na semina, kukawa na posho, kukapigwa picha. Mimi wakati huo nilikuwa nachapa barua na maombi ya kazi steshenari, nikaitwa kwa kibarua cha kuingiza kadi. Miezi mitatu nilikaa nazo. Kadi zaidi ya mia nne, nyingine zimeandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri ajabu, kwa wino wa bluu, na pembeni ameongeza kwa penseli jina la Kihaya na kijiji. Nilikuwa nasoma kama mtu anayesoma riwaya. Baada ya mwaka leseni ya programu ikaisha. Ukiwasha, skrini inaomba namba. Mfadhili mradi wake umekwisha, hajibu barua. Kitufe cha kutoa nje kilikuwepo tangu mwanzo, lakini kimefifia: hicho ni cha wenye toleo la kulipia. Nikauliza kadi ziko wapi, turudie. Nikaambiwa zilichomwa, si sasa tuko dijitali?

Hiyo ndiyo dijitali yetu. Mwandiko wa wino wa bluu umekuwa moshi, na majina ya penseli yamefungiwa ndani ya mashine inayoomba namba. Hakuna Mjerumani aliyefanya hivyo. Kwa hiyo nasema kwa mkurugenzi, kwa afisa utamaduni, kwa paroko mwenye chumba cha vitu vya kale, kwa mzee yeyote anayetaka kufungua makumbusho kwenye kibanja chake: kabla hujapokea programu, kabla hata ya kumwagia mgeni chai, muulize swali moja. Itatoaje? Mwambie aingize vitu vitano, avitoe nje mbele yako, avifungue kwenye kompyuta nyingine. Akianza kujikuna kichwa, msindikize. Lahajedwali ya kawaida na nakala tatu kwenye flashi tatu, katika nyumba tatu tofauti, zinaishinda programu hiyo.

Watu wa Bukoba hatupaswi kuelezwa orodha mbovu inagharimu nini. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Hesabu za waliokufa zinatofautiana kwa mamia hadi leo, na hizo tofauti zote ni watu wa daraja la tatu. Wapo waliokuwa na mama, wapo waliokuwa na mikungu ya kuuza. Mtu akiniambia orodha ni kazi ya makarani nitamkumbusha hilo.

Na kuna mfano mwingine, wa neno moja tu. Luschan yule wa dibaji ya Rehse alikusanya pia mafuvu ya watu. Mwaka 2023 Berlin walitoa matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki: 904 yaliunganishwa na maeneo ya Rwanda ya leo, 202 na Tanzania, 22 na Kenya. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno Akida. Kwa neno hilo watafiti wakajua watafute wapi, wakaenda Kilimanjaro, wakapima DNA za walio hai, na ukoo wa msaidizi wa Mangi Meli ukampata mtu wao. Linganisha na fuvu la Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja lirudishwe, likarudi 1954, baada ya gavana Twining kulichagua kwa vipimo kwenye makumbusho ya Bremen. Mpaka leo wapo wanaouliza kama ndilo lenyewe. Tofauti ya mafuvu hayo mawili ni neno lililoandikwa na neno lisiloandikwa.

Wapo wanaosema tudai vitu kwanza, orodha itafuata. Naheshimu hasira yao lakini wanaanzia mwisho. Utadai kitu gani kama hujui kimeandikwa nini na kiko mji gani? Waganda, hapo tu ukivuka Mutukula, mwaka 2024 walipokea vitu 39 kutoka Cambridge, vingi vilikuwa vimechukuliwa na mmisionari John Roscoe. (Ni kwa mkopo wa miaka mitatu, eti mtu anakopeshwa cha kwake, lakini hayo tuyaache.) Haviwi 39 bila mtu kukaa na orodha akachagua 39. Wakenya walianza mwaka 2018 mradi wa International Inventories Programme, makumbusho yao ya taifa pamoja na wasanii wa The Nest Collective wa Nairobi. Wakakusanya orodha kutoka makumbusho ya nje, moja moja, wakaziunganisha zikafika vitu zaidi ya 32,000. Zingatia hapo: wasanii. Hawakusubiri waitwe.

Na Wanigeria, hao wametuacha mbali. Digital Benin ilifunguliwa Novemba 2022. Vitu 5,246, makumbusho 131, nchi 20, vyote mahali pamoja. Kila makumbusho ilikuwa na programu yake na namna yake ya kuandika, kila moja ikatoa orodha yake nje, watu wakakaa chini wakazishona. Halafu wakafanya jambo ambalo ndilo linalonitia wivu: wakaweka majina ya vitu kwa Kiedo, kutoka kwa wenye lugha yao. Hawakuomba kisanduku cha maoni. Walijenga safu mpya.

Safu hiyo ndiyo ninayoitaka kwa Kihaya. Sisemi neno la Kijerumani lifutwe. Libaki, ni ushahidi. Ila pembeni yake paandikwe jina letu, kitu kilitumiwa na nani, kilikaa upande gani wa nyumba ya msonge, mwanamke aliruhusiwa kukigusa au hapana. Na iwepo safu ya kusema hiki kisionyeshwe, maana si kila kitu cha kikale kilitengenezwa ili kitazamwe na kila mwenye bando, na mifupa ya mtu siyo picha ya kuwekwa ukutani.

Ila nani atajaza? Hapa ndipo pananiuma. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Kila mmoja wetu anajua kibanja ambacho kizazi cha katikati kilikwisha, wakabaki bibi na wajukuu. Waliokwenda ndio waliokuwa wapokee majina ya vitu kutoka kwa wazee na kuyakabidhi kwetu. Mnyororo ukakatika katikati, sisi tumeshika kipande cha chini, bibi kashika cha juu, na bibi kazeeka. Mojawapo ya orodha kubwa za maneno ya Kihaya imechapwa Tokyo, mwaka 2000, kazi ya Mjapani Shigeki Kaji. Mungu ambariki. Lakini jamani, Tokyo?

Msidhani hadithi za wazee hazina uzito mbele ya wasomi. Mwaka 1969 na 1970 Peter Schmidt, Mmarekani, alichimba Katuruka, Maruku, hapo kusini mwa mji. Kilichompeleka pale ni masimulizi ya wazee kuhusu mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma, na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Akachimba penye jina hilo. Akakuta mabaki ya ufuaji chuma wa zaidi ya miaka 2,000. Jina la mti lilikuwa limetunza habari hiyo muda wote, bila seva, bila leseni, bila umeme.

Sasa kwa yule aliyefika mpaka hapa na bado anauliza fasihi iko wapi, namtajia Aniceti Kitereza, mzee wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa hilihili. Alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakuna aliyetaka kuichapa. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, na mwaka 1981 akafariki. Ukiisoma unakuta anasimama katikati ya kisa kukueleza kitu kinaitwaje, kinatengenezwaje, pombe inapikwaje, mgonjwa anatibiwaje. Wahakiki wengine wanasema anachelewesha kisa. Mimi naona alikuwa anajaza safu. Alijua watu wanakufa na majina yao, akachukua kalamu, na miaka 35 ya kukataliwa haikumfanya apunguze hata chungu kimoja. Wewe unaandika riwaya ya Muleba, mhusika wako anaingia nyumbani kwa babu, na unaandika kwamba ndani mlikuwa na "vyombo vya asili". Vyombo gani? Hata Mjerumani alijitahidi kuandika Korb.

Basi hivi ndivyo nilivyopanga, na anayetaka aungane nami. Barua kwa makumbusho ya Berlin, na nakala kwa Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam, ninayo tayari, kurasa mbili. Inaomba faili la vitu vyote vilivyoandikwa Bukoba, Kisiba, Ihangiro, Karagwe na Wassiba, kwa CSV, pamoja na picha ndogo. Majibu yakichelewa hatukai bure, tunanakili kwa mkono kutoka kwenye skrini, kitu kimoja kimoja, kama mtu anayeokota senene waliobaki chini ya taa. Picha tunazichapa kwenye karatasi, maana wazee wengi macho yao hayaoni simu. Tunakwenda kwa miguu na kwa bodaboda: Kamachumu, Nshamba, Rubya, halafu turudi juu Maruku na Kashozi. Ukifika kwa mzee salimia kwanza kama ulivyofundishwa, kasinge waitu, keti unapoonyeshwa, kunywa rubisi ukipewa, mwite Ta au Ma, na usitoe karatasi mpaka uulizwe umefuata nini. Kitakachosemwa kiandikwe kama kilivyosemwa, kwa Kihaya, na jina la aliyesema, kama ameridhia. Wakikupa majina mawili ya kitu kimoja, andika yote mawili, hata kama wanagombana mbele yako. Hasa kama wanagombana mbele yako.

Tunaanza Kamachumu, Jumamosi ya kwanza baada ya msimu wa senene. Njoo na daftari la mistari, kalamu mbili na flashi tupu. Nauli kila mtu ajilipie.